Maji magumu si maji machafu: yajue ya bomba lako kabla hujanunua chujio

Tulipohamia nyumba hii ya pembezoni mwa mji, cha kwanza kulaumiwa kilikuwa sabuni. Mche uliokuwa ukitutosha wiki mbili ulikwisha kwa siku tano, povu halionekani, na ndoo ikabaki na utando wa kijivu ukingoni kama mstari wa penseli. Mke wangu akabadilisha sabuni. Akabadilisha tena. Taulo zikawa zinakwaruza kama gunia. Mwezi wa tatu nikafungua birika kutazama nini kinagongagonga ndani, nikakuta gamba jeupe pana kama ukucha wa dole gumba, limebanduka chini. Nikalivunja kwa vidole, likatoa unga wa chaki. Ndipo sabuni ikapata kupumzika.

Ninayoandika hapa ndiyo ningependa niambiwe mwezi ule wa kwanza. Ugumu wa maji ni jambo moja, usalama wake ni jambo jingine kabisa. Mimi nilimaliza pesa kupambana na la kwanza, lisilomdhuru mtu, na la pili sikuwa nimelipima hata mara moja.

Ugumu unatoka wapi

Mvua inapodondoka haina ugumu. Maji yakizama ardhini hukusanya kaboni dioksaidi iliyomo udongoni, yanapata uchachu kidogo, na uchachu huo unakula miamba ya chokaa taratibu. Kinachoyeyuka humo, hasa kalsiamu na magnesiamu, ndicho ugumu wenyewe. Hauonekani, haunuki. Maji ya kisima kirefu kilichopita kwenye miamba hiyo huwa magumu kuliko ya mto au bwawa, na mitaa ya pembezoni mara nyingi hulishwa na visima vilivyoongezwa baadaye mji ulipopanuka. Kwa hiyo usishangae ndugu yako wa katikati ya mji, mnaolipa bili mahali pamoja, akawa hana habari na gamba la birika. Tena yanaweza kugeuka. Pampu ya kisima ikizimwa na maji yakaletwa kutoka kwingine, sabuni inatoa povu vizuri ghafla, nawe unaapa kwamba ile ya juzi ilikuwa bandia.

Kipimo chake ni miligramu kwa lita, zikihesabiwa kana kwamba madini yote hayo ni kalsiamu kaboneti. Mgawanyo unaotumika sana ni huu: mpaka 60 ni maji laini, 61 hadi 120 magumu kiasi, 121 hadi 180 magumu, zaidi ya 180 magumu sana. Mashine za kufulia na za kuoshea vyombo nyingine huuliza kwa digrii za Kijerumani, na digrii moja ni kama miligramu 17.8, digrii ya Kifaransa ni miligramu 10. Jirani akikwambia yake ni 15 na wewe una karatasi inayosema 270, huenda mna maji yaleyale. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Shida ya maji magumu iko kwenye mabomba, hita, nguo na mfuko wako.

Jaribio la chupa tatu

Kabla ya kununua chochote, fanya hili. Linakula asubuhi moja na vifaa vyake viko nyumbani, ukiacha bomba la sindano la mililita 10 (lisilo na sindano).

Tafuta chupa tatu safi za nusu lita zenye vifuniko, na maji ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye beseni, si yaliyoteremka kwenye bati. Halafu sabuni ya mche, sabuni kweli. Sabuni ya unga na ile ya maji ya kuoshea vyombo hazifai hapa, maana zimeundwa kwa kemikali zisizogandana na kalsiamu. Zitatoa povu hata kwenye maji magumu na utaamini huna tatizo. Mimi nilianza na ya vyombo, nikajipongeza bure siku nzima.

Paruza sabuni upate kijiko cha chai kilichojaa, ikoroge kwenye kikombe cha maji ya mvua ya vuguvugu mpaka iyeyuke yote. Chupa ya kwanza tia mililita 100 za maji ya mvua, ya pili mililita 100 za maji ya bomba. Ya tatu tia maji ya bomba yaliyochemka dakika 10, yakapoa kabisa, kisha ukayamimina polepole ili mashapo meupe yabaki kwenye sufuria.

Sasa tia sabuni mililita moja moja. Kila ukitia, funga, tikisa sekunde kumi, laza chupa ubavu, tazama. Unachotafuta ni povu linalofunika uso wote wa maji na kukaa dakika tano bila kupasuka. Kwenye maji ya mvua niliishia mililita moja tu. Kwenye maji ya bomba niliendelea kutia mpaka nikadhani nimekosea kuhesabu: maji yakawa meupe kama yaliyosukutuliwa chombo cha maziwa, vipande vidogo vya kijivu vikawa vinaelea na kunata kwenye plastiki, povu hakuna. Vipande hivyo ndivyo ule mstari wa kwenye ndoo. Sabuni haipotei, inakamatwa na kalsiamu kwanza, na mpaka kalsiamu yote ishibe hakuna inayobaki ya kufulia. Nilipokaribia mwisho, sikio lilijua kabla ya jicho: mlio wa maji yanayogonga chupa ukawa mzito, kama umefunikwa kitambaa. Mililita 19.

Yaliyochemshwa yakachukua 7.

Hesabu yake ni rahisi. Ukitoa ile moja ya maji ya mvua, ugumu wangu ulikula mililita 18 za sabuni, na baada ya kuchemsha zikabaki 6. Maana yake theluthi mbili ya ugumu ni wa muda, yaani unaoshikana na bikaboneti na kuganda maji yanapopata moto. Theluthi iliyobaki ni ugumu wa kudumu, wa salfeti na kloridi, ambao hata ukichemsha mpaka kesho hautoki. Mwenye ugumu mwingi wa muda ndiye atakayelia na birika na hita. Mwenye ugumu mwingi wa kudumu atalia zaidi na sabuni.

Jaribio hili si geni. Mwanakemia wa Uskoti, Thomas Clark, alipima ugumu kwa sabuni namna hiihii, na mwaka 1841 alipata hataza ya kulainisha maji kwa kuyatia chokaa. Ndiyo, unaongeza chokaa ili kuondoa chokaa: inanyakua kaboni dioksaidi iliyokuwa inayashikilia madini, nayo yanazama chini. Hilo waachie wenye mitambo mikubwa.

Ukitaka namba na si mililita za sabuni, nunua karatasi za kupimia ugumu. Unachovya, unangoja sekunde chache, unalinganisha rangi na ile ya kwenye pakiti. Hazina usahihi mkubwa lakini zinakutoa gizani. Usichanganye na ile kalamu ya kielektroniki inayoandika TDS. Kalamu inapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha inakadiria chumvi zote kwa jumla. Haijui ipi ni kalsiamu na ipi ni chumvi ya kawaida, na kidudu cha ugonjwa haikioni kabisa. Ya kwangu ilisoma 480, nikalala vibaya. Sikuwa na sababu: chini ya 600 hivi ladha ya maji huhesabiwa kuwa nzuri, huanza kuchukiza ikipita 1,000.

Yule kijana wa fito mbili

Ilikuwa wakati nikiwa na hofu hiyo ya 480 ndipo alipobisha hodi muuza mashine. Kijana msafi, mkoba mkononi. Akaomba glasi mbili, moja ya maji yetu, moja akaijaza maji ya mashine yake. Akatumbukiza kifaa chenye fito za chuma kila glasi, akachomeka kwenye umeme. Hazikupita dakika mbili, glasi yetu ikageuka kahawia, povu la matope juu, vipande vya kijani vinazama. Ya kwake ikabaki kama kioo. Akamgeukia mke wangu kwa upole: "Mama, hiki ndicho unachowapa watoto."

Tulinunua siku ileile.

Mdogo wangu anafundisha kemia. Alipokuja kututembelea nikamsimulia, akacheka mpaka akakaa chini. Akaomba betri ya volti 9, misumari miwili na nyaya. Akachukua maji ya ile mashine mpya, yale safi, akatia chumvi kidogo, akazamisha misumari bila kugusana. Tukakaa tunaongea. Baada ya muda maji yakaanza umanjano, kisha ukahawia, kisha yaleyale matope. "Kaka," akasema, "umenunua kutu ya msumari."

Umeme ukipita kwenye maji yenye chumvi chumvi unaikwangua fito ya chuma, na uchafu unaouona ni fito yenyewe. Maji ya mashine yamenyang'anywa madini, umeme haupiti, fito hailiki. Kwa hiyo mtu akija na maonyesho hayo, mpe chumvi atie kwenye glasi yake. Na wewe usijaribu kwa umeme wa ukutani.

Mashine yenyewe si uongo. Inasukuma maji kwenye utando wenye matundu madogo mno, inaondoa ugumu na karibu kila kitu kingine, na inamwaga maji mengi kwenye mfereji ili ipate kidogo kilicho safi. Kosa langu ni kununua dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Ambayo sabuni haiwezi kukuambia

Hapa ndipo pesa ilipaswa kwenda tangu mwanzo: maabara. Omba wapime vijidudu vya E. koli (bakteria wa kinyesi, visiwepo kabisa kwenye mililita 100), nitrati (kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 50 kwa lita), floraidi (1.5), aseniki na risasi (0.01 kila moja), pamoja na chuma, manganizi, pH na ugumu. Nitrati inawahusu zaidi watoto wachanga wanaotumia maziwa ya chupa. Wengi tunakosea kwa kudhani kuchemsha ni tiba ya yote. Kunaua vijidudu, lakini nitrati, floraidi na aseniki vinabaki vilevile huku maji yakipungua kwa mvuke, kwa hiyo vinakolea.

Namna ya kuchukua sampuli ni nusu ya kazi. Kwa vijidudu, tumia chupa ya maabara yenyewe na usiisuuze. Ile dawa kidogo iliyomo ni ya kuzima klorini. Fungua kichujio kidogo cha mdomoni mwa bomba, pangusa mdomo kwa spiriti, acha maji yatiririke dakika mbili tatu, jaza bila kugusa ndani ya kifuniko, weka penye baridi na uifikishe siku hiyohiyo. Kwa risasi ni kinyume: maji yakae bombani bila kuguswa saa sita au zaidi, usiku ndio mzuri, kisha ukinge yale ya kwanza kabisa alfajiri. Risasi hutoka kwenye mabomba na maungio ya ndani ya nyumba, kwa hiyo ukiacha yatiririke kwanza unaimwaga.

Mdogo wangu alinishauri nipeleke chupa mbili za vijidudu, na ushauri huo ndio uliotuokoa: moja kutoka bomba la nje karibu na mita, nyingine kutoka jikoni, maji yakiwa yameshapita kwenye tangi la juu. Majibu yakaja. Ugumu 270. Risasi, nitrati na wenzake hawafikii kikomo. Bomba la mita, E. koli hakuna. Jikoni, wamo.

Nikapanda na ngazi. Mfuniko wa tangi ulikuwa umesogea upana wa kiganja, na juu ya maji yalikuwa yanaelea manyoya ya njiwa. Miezi yote ile nilikuwa nawalaumu wanaoleta maji.

Kusafisha tangi: toa maji yote, sugua kwa brashi na maji tu, toa matope. Lijaze, kisha tia dawa ya klorini ya kupaushia nguo isiyo na manukato. Kwa dawa yenye nguvu ya asilimia 5, lita moja kwa kila lita 1,000 za maji inakupa miligramu 50 kwa lita. Soma asilimia kwenye chupa, si zote zinalingana. Fungua kila bomba la nyumba mpaka unuse klorini, funga, acha usiku kucha, na waambie wa nyumbani kwa sauti kwamba maji hayo hayanywewi wala kuogwa. Asubuhi mwaga yote, jaza tena, mwaga mpaka harufu ipungue. Na usitie siki au tindikali yoyote kwenye klorini, wala siku hiyo wala kwenye ndoo ya kusafishia choo. Gesi inayotoka inaharibu mapafu.

Mambo madogo yanayotisha watu bure, kwa haraka. Maji meupe kama maziwa yakikaa kwenye glasi yakaanza kung'aa kuanzia chini kwenda juu, hiyo ni hewa. Yakiwa meupe kisha kitu cheupe kikazama, hilo ni gamba. Maji yanayotoka safi kisha yakawa mekundu ndooni yana chuma. Ikipita miligramu 0.3 kwa lita nguo nyeupe zinapata madoa, na dawa ya kupaushia inayazidisha. Harufu ya yai viza kwenye maji ya moto pekee inaashiria hita, hasa ile fimbo ya magnesiamu iliyomo ndani; ikiwa na ya baridi yananuka, chanzo kiko mbali zaidi. Harufu kidogo ya klorini ni habari njema. Mitaa iliyo mwisho wa bomba ndiyo inayopata klorini kidogo, na inatakiwa ibaki walau miligramu 0.2 kwa lita maji yanapokufikia.

Kuishi na gamba

Birika: unga wa ndimu (asidi ya sitriki) vijiko viwili vya chakula kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, si ya kuchemka, maana moto mkali unaweza kugandisha chumvi nyingine ngumu kuliko ile unayoitoa. Acha saa moja. Utasikia likichacharika, hiyo ni kaboni dioksaidi iliyofungwa kwenye gamba inarudi hewani. Siki nusu kwa nusu na maji nayo inafaa, ila jikoni patanuka. Kichwa cha bomba la mvua la bafuni kivalishe mfuko wa plastiki wenye siki, funga kwa mpira. Cha plastiki kinaweza kulala humo, kilichopakwa rangi ya fedha au dhahabu nusu saa inatosha. Marumaru iepushe kabisa, ni chokaa pia, siki itaila.

Hita inataka uangalifu zaidi. Ikianza kutoa mlio wa mahindi yanayopasuka, gamba limekaa chini na maji yanachemka chini yake. Zima umeme, ngoja ipoe, funga maji yanayoingia, fungua koki ya chini utoe mashapo. Gamba huongezeka kasi joto likipita nyuzi 60, kwa hiyo kuiweka 75 ni kulilisha. Usishuke chini ya 60 nako, maana tangi la maji ya vuguvugu ni makao mazuri ya bakteria wa Legionella, wanaoleta homa ya mapafu.

Mashine ya kulainisha kwa chumvi niliinunua mwisho, nikiwa na namba mkononi. Ndani yake mna punje za resini zinazokamata kalsiamu na kuachia sodiamu, na kila baada ya muda huoshwa kwa maji ya chumvi. Kwa kila miligramu 100 za ugumu zinazotoka huingia karibu 46 za sodiamu. Kwangu ni kama 124 kwa kila lita. Kwa hiyo mwambie fundi bomba alainishe njia ya hita na ya mashine ya kufulia, bomba la baridi la jikoni aliache na ugumu wake, hasa kama nyumbani kuna aliyekatazwa chumvi au mtoto wa maziwa ya chupa. Maji ya kuoshea resini yasielekezwe bustanini. Fundi akishaondoka, rudia jaribio la chupa kwenye bomba la moto: langu lilitoka 19 likawa 2. Chujio la mkaa halitakupa matokeo hayo. Linaondoa klorini na harufu, ugumu linaupisha kama ulivyo.

Wiki mbili baada ya kusafisha tangi nilipeleka sampuli nyingine ya jikoni, ikarudi safi. Mfuniko sasa una waya. Kando ya mita nimening'iniza daftari, na kila miezi mitatu naandika tarehe na mililita za sabuni. Jumamosi iliyopita ilikuwa 11 badala ya 19. Nikauliza, nikaambiwa pampu ya kisima iko kwa fundi na maji yanatoka bwawani. Nikashusha kipimo cha mashine ya kulainisha, nikaandika 11.